Vipandikizi vya matiti: daktari kasema cc 275, mimi nataka 400. Je, nimsikilize?

Binti_Kijichi
Habari za jioni wadau. Naomba wenye ujuzi mnisaidie kabla sijarudi kwa daktari wa upasuaji rekebishi hapa Dar. Vipimo alivyoandika: upana wa kitako cha titi (pale titi linaposhika kifua) sm 11.5. Kutoka kishimo cha shingo hadi chuchu sm 20. Kutoka chuchu hadi mkunjo wa chini ya titi, ngozi ikiwa imevutwa, sm 7.5. Akibana nyama ya juu ya titi kwa vidole anapata sm 1.5. Navaa sidiria 34A, nataka D. Yeye anasema kipandikizi cha cc (mililita) 275, ikizidi sana 300. Picha ninazozipenda mtandaoni wameandika 400. Ni woga wake au kuna sababu? Na kuna namna ya kujaribisha ukubwa nyumbani?

Nesi_wa_Thieta
Dada, huo si woga. Kinachotangulia ni upana, cc zinafuata baadaye. Kipandikizi kinatakiwa kikae ndani ya kitako cha titi lako, yaani sm 11.5 au pungufu kidogo. Kuna kanuni ya vipimo wanayoitumia madaktari wengi: kwa upana wa 11.5 wanaanzia karibu cc 275, halafu wanaangalia ngozi. Ikivutwa mbele ikaja chini ya sm 2, wanapunguza kama cc 30. Ikizidi 3, wanaongeza 30. Hicho kipimo cha kuvuta mbele sijakiona kwenye orodha yako, kiulizie.

Sasa chukua 400. Kwa profaili (yaani kiasi kinavyochomoza mbele) ya wastani, kipandikizi hicho kina upana wa karibu sm 13 au zaidi. Sentimita moja na nusu ya ziada itaenda wapi? Ikielekea kwapani, mkono unakwaruza ubavuni kila ukitembea na ukilala chali matiti yanamwagika pembeni. Daktari akilazimisha kwa ndani, ile nyama iliyoshika mfupa wa kifua inaachia na matiti yanaungana katikati. Kurekebisha hilo ni kazi ngumu kuliko upasuaji wa kwanza.

Njia nyingine ni profaili ya juu, ambayo kwa cc zilezile ina kitako chembamba na mbele inachomoza zaidi. Lakini hapo ngozi yako ya 7.5 kutoka chuchu hadi mkunjo haitoshi. Itabidi mkunjo ushushwe, na mkunjo ulioshushwa usiposhikizwa vizuri kipandikizi kinateremka, chuchu inabaki inaangalia juu. Uzito nao uuhesabu: 400 mbili ni karibu gramu 800 zinazoning'inia kwenye ngozi miaka yote. Ngozi na nyama ya titi zikishakonda kwa uzito, hata ukitoa vipandikizi hazirudi.

Hiyo sm 1.5 ya kubana pia ina maana yake. Chini ya sm 2, kipandikizi huwekwa chini ya msuli angalau upande wa juu, la sivyo kingo zinaonekana na mikunjo inajitokeza ukiinama.

Shangazi_Tabata
Kujaribisha nyumbani: mchele. Usipime kwa mizani ya dukani! Wengi wanakosea hapo. Cc ni ujazo, cc 1 ni mililita 1, na mchele wa gramu 300 unajaa karibu ml 350. Tumia jagi lenye alama za mililita. Pima 275, tia kwenye soksi nyepesi ya nailoni, funga fundo bila kukaza ili ulale bapa kama chapati nene. Fanya mbili, kisha nyingine mbili za 325.

Vaa sidiria laini isiyo na sponji, kubwa kuliko yako, weka upande mpana ukutane na kifua. Kaa nayo saa mbili au tatu ukiwa na gauni, blauzi ya kazini, dera. Panda ngazi, inama ufagie. Kioo cha dakika tano kinadanganya, kila mtu hupenda kikubwa. Ndani ya mwili, hasa chini ya msuli, huonekana kidogo zaidi kuliko juu ya sidiria, kwa hiyo madaktari wengine huongeza cc 25 hivi kwenye namba uliyoipenda nyumbani.

Mdau_Upanga
Mchele utakupa wazo la ukubwa tu, umbo hautakuonyesha. Mwombe daktari vipimio vya silikoni vya kliniki, uvae na blauzi yako ya kubana. Na neno "D" liache mlangoni. Kila kiwanda cha sidiria kina D yake, na cc 300 kwa mwenye kifua chembamba ni tofauti kabisa na kwa mwenye kifua kipana. Peleka picha za watu wenye kifua na mabega kama yako, hizo zinaeleweka kuliko namba.

Mwulize pia kama kipandikizi ni laini au cha kukwaruza. Vya kukwaruza aina ya BIOCELL, vya kampuni ya Allergan, viliondolewa sokoni duniani Julai 2019 kwa sababu ya aina adimu ya saratani ya mfumo wa limfu. Dai kadi yenye jina la kiwanda, cc na namba ya kipandikizi, uitunze. Thibitisha usajili wa daktari Baraza la Madaktari Tanganyika. Kama mwili wako huota keloidi (makovu yanayovimba), sema mapema.

Binti_Kijichi
Asanteni sana. Ya kuvuta mbele nitaiulizia. Swali la mwisho: mtoto nimemwachisha kunyonya miezi miwili iliyopita. Inahusiana?

Nesi_wa_Thieta
Inahusiana sana, na ungeanza na hilo! Titi lililotoka kunyonyesha bado linapungua. Subiri angalau miezi 6 tangu kuachisha, maziwa yakauke kabisa na uzito wako utulie, ndipo vipimo vyote vichukuliwe upya. Ile sm 1.5 inaweza kushuka, ngozi ikaonekana imelegea zaidi, na chuchu ikiwa imefika chini ya mkunjo mazungumzo yatahamia kwenye kunyanyua titi, siyo kuongeza cc. Ukichagua namba leo utakuwa umechagulia titi ambalo miezi michache ijayo hutakuwa nalo. Kama unafikiria mtoto mwingine hivi karibuni, mwambie daktari hilo pia kabla hujalipa.