Nusu kilo ya nyama, watu nane: naombeni ushauri

MamaWanne_Tabata
Habari zenu wapendwa. Nyumbani tuko wanane: mimi na baba watoto, watoto wanne, mama mkwe na mdogo wangu wa chuo. Nyama ya ng'ombe naimudu nusu kilo mara mbili kwa wiki, maana bucha la mtaani kwetu kilo imeshapita elfu kumi. Nikipika rosti, kila mtu anapata vipande viwili, mchuzi maji matupu, na kitinda mimba analia kwamba kaka yake kapewa kikubwa. Jana mama mkwe alitoa vipande vyake akampa mtoto, akamalizia ugali kwa mchuzi. Roho iliniuma sana. Soya nimejaribu, wakaigomea. Nifanyeje?

BibiWaMachame
Pole mwanangu. Acha kupika chakula cha kuhesabiana vipande. Pika mtori. Nunua nyama yenye mfupa, ichemshe mpaka ilainike, itoe, uichambue kwa vidole. Kwenye supu ileile tia ndizi mshare na kitunguu. Zikiiva ziponde kwa mwiko, zibaki na vibonge kidogo, rudisha nyama, malizia na maziwa au siagi. Kila kijiko kina nyama ndani yake. Unapomenya ndizi jipake mafuta mikononi, utomvu wake hautoki kirahisi.

MamaLishe_Gengeni
Mimi napikia watu kila siku, nikwambie kitu: mchuzi wako ni maji kwa sababu nyama hujaikaanga. Katakata ndogo, kama punje mbili za maharage hivi. Chemsha na tangawizi, kitunguu saumu na chumvi, maji kidogo tu. Supu iweke pembeni, USIMWAGE. Sasa kaanga nyama ikauke hadi iwe kahawia na ianze kushika chini ya sufuria. Hapo ndipo penye ladha yote. Weka vitunguu vingi, nyanya, kisha viazi na bilinganya au nyanya chungu, rudishia ile supu kidogo kidogo. Viazi viwili viponde humohumo, mchuzi utakuwa mzito wenyewe. Ukiwa na tui la nazi, ndiyo kabisa.

Kijana_wa_Geto
Robo kilo ya kusaga, kaanga na binzari nyembamba na pilipili hoho, changanya na choroko zilizochemshwa zikakaukia. Tunakula sita.

MamaWanne_Tabata
Choroko baba watoto hali kabisa 😔

Kijana_wa_Geto
Basi kabeji na karoti, uzikwangue nyembamba. Ila nyama wakusagie mbele ya macho yako, usichukue iliyokwisha kusagwa.

Nesi_Mstaafu
Niongeze la afya. Nyama kidogo ikipikwa na maharage husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye maharage hayo, kwa hiyo mtoto hapunjwi akikosa mnofu mkubwa. Loweka maharage usiku kucha, mwaga yale maji, utaokoa na mkaa. Kamulia ndimu mezani. Chai iwe baadaye, walau saa moja, maana inazuia chuma hicho. Na huyo bibi mpakulie wewe mwenyewe, sahani yake iwe tayari kabla ya za watoto. Wazee wetu wanajinyima kimyakimya, nao wanahitaji nyama vilevile.

MamaWanne_Tabata
Nesi, umenigusa. Leo nimefuata ya MamaLishe, viazi na bilinganya. Nimempakulia mama mkwe kwanza, akala akamaliza, akaniuliza nyama nimeongeza? Nusu kilo ileile! Na kuna bakuli limebaki, mtoto atakula asubuhi. Jumamosi nafanya mtori. Bibi, nikikosa mshare, ndizi bukoba zinafaa?

BibiWaMachame
Zinafaa. Chagua mbichi kabisa, zikianza kuiva mtori unakuwa mtamu, watoto wataugomea kama soya.