Kupasha mwili moto nyumbani ukiwa na jeraha: tupeane uzoefu

Alfajiri ya Lanet
Wadau, baridi ya Nakuru mwezi wa Julai mnaijua. Saa kumi na moja alfajiri viungo vimekaza, na mwenye goti bovu au kifundo kilichoteguka hawezi kurukaruka kama wenzake. Wale ambao daktari ashawaruhusu kufanya mazoezi, mnapashaje mwili moto nyumbani bila kuruka wala kukimbia? Leteni hatua, idadi, na pale watu wanapokosea. Nani aliumia vipi, hiyo tuiache leo.

Fundi wa Magoti, Section 58
Kosa kubwa ni kuanza na kiungo kinachouma. Anza na sehemu zisizoumia, damu ichemke kwanza, halafu ndiyo uende kwenye jeraha.

Chukua kiti, ukisukume hadi ukutani. Kwenye tailsi kiti cha plastiki huteleza na miguu yake hupanuka, kwa hivyo ukuta ni lazima. Kaa nusu ya mbele, mgongo wima, nyayo zote sakafuni. Rusha ngumi mbele kwa zamu sekunde 30, pumzika 30, mara tano. Usinyooshe kiwiko hadi mwisho kwa kishindo. Raundi mbili za mwisho, ongeza kuinua kisigino cha mguu usioumia. Ukiweza kuongea sentensi nzima lakini kuimba kunakushinda, joto limetosha. Kama bado unaimba vizuri, ongeza raundi mbili.

Sasa goti. Kaa kitandani au mkekani, mguu umenyooka, taulo iliyokunjwa chini ya goti. Kandamiza taulo kwa nyuma ya goti, hesabu hadi tano, legeza. Mara 10. Weka vidole juu ya pia ya goti: ikipanda kidogo kuelekea pajani, msuli wa mbele ya paja umeshika. Ikikaa tu, huenda unasukuma kwa makalio au umebana pumzi. Goti lenye maji huzima msuli huo lenyewe, ndiyo maana mara tatu nne za kwanza huwa dhaifu hata kwa mtu mwenye mapaja ya nguvu. Usikate tamaa hapo, endelea polepole.

Kisha vaa soksi, au weka mfuko wa plastiki chini ya kisigino, ukivute kuelekea makalio mara 12. Simama pale panapoanza kukaza, si pale panapouma. Lala chali, kunja magoti, inua makalio mara 10. Maliza kwa kuinuka kitini mara 8, na uweke mto juu ya kiti ili kiwe kirefu. Kuchuchumaa hadi chini usiguse bado: kadiri goti linavyokunjika likibeba uzito, ndivyo pia ya goti inavyogandamizwa kwenye mfupa wa paja.

Nyamasaria Fiti
Huku Kisumu joto tunalo bure, ila msidanganyike: kutokwa na jasho la jua si kupasha misuli.

Niongezee kifundo. Ukiwa umekaa, mguu hewani, andika kwa kidole gumba jina lako lote la kitambulisho, na la babu ukitaka. Goti litulie; likiyumba, basi nyonga ndiyo inayoandika. Halafu tafuta blada, ile ya tyubu ya baiskeli watu wa boda hufungia mizigo. Ifunge kwenye mguu wa kitanda kizito, ipitishe juu ya nyayo karibu na vidole, kisha sukuma kuelekea nje mara 15, pumzika, rudia. Kwa nini nje? Vifundo vingi huteguka nyayo ikijikunja kuelekea ndani, na misuli inayouvuta mguu nje ndiyo inayozuia hilo. Rudisha polepole kuliko ulivyosukuma. Kagua blada kabla: yenye nyufa ndogo itakatika na kukupiga usoni.

Baadaye simama ukishika ukuta, inua visigino vyote viwili mara 12, kisha simama kwa mguu ulioumia sekunde 20. Godoro na mito msitumie wiki za mwanzo, sakafu ngumu inatosha.

Binti Dunga
Wenye maumivu ya unyayo karibu na kisigino: zoezi lenu linaanza kabla ya kushuka kitandani. Weka mguu juu ya goti la pili, vuta vidole kuja kwako hadi mshipa wa chini ya unyayo ukaze, hesabu 10, mara 10. Hatua ya kwanza ya asubuhi haitachoma sana.

Na mwenye maumivu ya kano pale hasa inapoingia kwenye mfupa wa kisigino asiteremshe kisigino chini ya ukingo wa ngazi. Pale kano hubanwa dhidi ya mfupa. Inua visigino sakafuni, ubaki juu sekunde 30 hadi 45, mara tano.

Alfajiri ya Lanet
Na dawa ya kuchua je? Wengi hujipaka wakasema tayari wamepasha.

Fundi wa Magoti, Section 58
Hiyo huamsha ngozi tu, msuli chini yake unabaki baridi. Usiipake kisha ukaweka taulo ya moto juu, utaungua. Na jeraha la siku mbili tatu, bado limevimba, lisikandwe kwa maji moto wala kuchuliwa na mtu yeyote, hata awe na sifa kijiji kizima. Huongeza uvimbe.

Kakamega Kwetu
Mgongo mmeusahau. Usiku diski za uti wa mgongo hunyonya maji zikajaa, kwa hivyo saa ya kwanza baada ya kuamka ndiyo mbaya zaidi ya kuinama kugusa vidole vya miguu. Tembea ndani ya nyumba dakika tano kwanza. Halafu piga magoti na mikono kwenye mkeka, pandisha mgongo juu kama paka aliyeshtuka, kisha uachie ushuke, mara 6 hadi 8 bila kulazimisha miisho. Si zoezi la kunyoosha, ni la kulegeza. Na tafadhali, kubeba jerikani la lita 20 kutoka bombani si kupasha. Ni kilo 20, nyingi zikiwa upande mmoja.

Bega: egemea meza kwa mkono mzima, ulioumia uning'inie, yumbisha kiwiliwili ili mkono ufuate. Dakika moja. Ukiuzungusha kwa nguvu za bega lenyewe umeharibu maana yake. Kisha lala chali, shika mpini wa ufagio kwa mikono miwili, mkono mzima uuinue ule mgonjwa, mara 10.

Nyamasaria Fiti
Kipimo cha maumivu, 0 hadi 10: hadi 3 endelea, 4 punguza idadi au upana wa mwendo, 5 acha. Kipimo cha pili ni kesho yake asubuhi. Uvimbe ukiongezeka, jana ulizidisha hata kama hukusikia kitu.

Hospitali moja kwa moja: kifundo ambacho huwezi kukikanyagia hatua nne, au kinachouma ukibonyeza lile fundo la mfupa, goti linalokwama, shavu la mguu mmoja limevimba, lina joto na linauma, mgongo unaoambatana na ganzi katikati ya mapaja au shida ya mkojo. Hii ya mwisho usingoje kesho.

Alfajiri ya Lanet
Asanteni. La mwisho: nikipasha nyumbani halafu nipande boda hadi uwanjani, joto litakuwepo?

Binti Dunga
Dakika 15 za kukaa tu zinatosha kulipunguza sana, na kwenye boda upepo utalimaliza mapema. Vaa sweta na suruali ndefu njiani. Ukishuka, rudia dakika tatu: kuinua visigino 12, kuinuka kwenye benchi mara 8, kisha tembea kwa kasi hadi pumzi ipande.