Mstari wa #! unaniletea kosa kwenye JavaScript, nifanyeje?

Wakuu, nina kiprogramu changu cha JavaScript ninachokiendesha kwenye terminali. Kinaanza na `#!/usr/bin/env node`, ule mstari wa kuuambia mfumo ukiendeshe kwa node (programu inayoendesha JavaScript), na miezi yote hiyo hakijanisumbua. Jana nimeandika skripti ya kuunganisha mafaili yote yawe moja, na juu kabisa inabandika maelezo ya leseni, mistari minne. Sasa node inagoma: kosa la sintaksia, mstari wa 5, hapo hapo penye #!. Nilisoma kwamba mstari huo siku hizi umo kwenye kiwango cha lugha na unahesabiwa kama maoni. Au sikuelewa?

Kipanga: Umeelewa nusu. Umo tangu ECMAScript 2023 (toleo la 2023 la kiwango cha JavaScript), ila #! lazima ziwe herufi mbili za kwanza za faili. Ukitanguliza maoni, mstari mtupu au hata nafasi moja, ni kosa. Shusha leseni chini yake. Na kama mafaili mengine uliyounganisha nayo yana #! zao, zifute, maana zitaangukia katikati.

Nyuki77: Sharti hilo lina asili yake. Kwenye Linux anayeisoma #! kwanza ni kerneli (kiini cha mfumo endeshi), na yeye hutazama baiti mbili za mwanzo tu. Akishamjua mkalimani (programu ya kuliendesha faili, kama node), anamwachia faili zima, mstari huo ukiwemo. Python haina shida, kwake # ni maoni tangu zamani. JavaScript haina maoni ya #, ndiyo maana zamani node ilikuwa inaukata mstari huo yenyewe kabla ya kuipa injini yake ya JavaScript msimbo. Kiwango kimerasimisha tu kilichokuwa kikifanyika.

Mleta uzi: Nimeishusha leseni, `node programu.js` inakubali. Ila nikiandika `./programu.js` napata hii:

`/usr/bin/env: 'node\r': No such file or directory`

Node ipo, nimehakikisha mara tatu!

Kipanga: Itazame vizuri hiyo `\r`. Faili limehifadhiwa kwa miisho ya mistari ya Windows, kwa hiyo env inatafuta programu inayoitwa "node" yenye herufi isiyoonekana mkiani. Piga `sed -i 's/\r$//' programu.js`.

Nyuki77: Ukimaliza hapo, kagua kihariri chako kisiweke BOM (alama ya usimbaji wa herufi) mwanzoni. Nayo haionekani, na kerneli haitaiona #! kabisa.

Mleta uzi: Ilikuwa `\r`. Faili la leseni nilinakili kutoka kompyuta ya ofisini, na skripti yangu ikaiga miisho yake. Imekubali, asanteni wakuu.