Baridi la mwezi wa 6 linadumaza mahindi huku juu Ngaramtoni, naweza kuchanganya mbegu mwenyewe?

Mkulima_wa_Juu:
Wakuu habari za leo. Niko juu ya Ngaramtoni, huku kwenye miteremko ya Meru. Masika ilichelewa nikapanda mwishoni mwa mwezi wa 4 mbegu ya dukani, ikaota vizuri tu, sasa lilivyoingia baridi la mwezi wa 6 na ukungu unashinda mpaka saa tano, mahindi yamesimama magotini, majani zambarau mengine njano. Ila mistari mitatu karibu na zizi nilipanda mbegu ya bibi, ile nyeupe ya punje ngumu, yenyewe kijani na inapanda. Tatizo inazaa vidogo. Je naweza kuzichanganya nipate uvumilivu wa bibi na ukubwa wa dukani?

Binti_Kibosho:
Pole sana kaka. Angalia hapo karibu na zizi kuna samadi usije ukaisifia mbegu bure. Ile zambarau ni udongo wa baridi, mizizi inashindwa kuvuta fosforasi. Msimu ujao panda zote mbili bega kwa bega shamba moja mbolea moja ndo utajua ukweli.

Mzee_Siha:
Binti kasema kweli. Kijana, hindi asili yake Mexico, ni mmea wa joto, likishuka chini ya nyuzi 10 linakaribia kusimama kabisa. Lakini kuna mahindi yaliyozoea milima. Pale Kitale Kenya watafiti walichukua mbegu yao wakaizalisha na mbegu iitwayo Ecuador 573 iliyotoka milima ya Amerika Kusini, mwaka 1964 ikatoka chotara H611, kwahiyo wazo lako si geni.

Panda mistari ya bibi na ya dukani kwa kupishana, kisha ng'oa mbelewele zote za bibi, yale maua ya kileleni, kabla hazijamwaga unga wake (chavua), kila siku upite maana ukisahau mmoja tu umeharibu. Magunzi ya bibi ndo mbegu yako. Zikichanua tarehe tofauti basi moja itangulie kupandwa. Msimu wa pili panda hiyo mbegu, mwezi wa 6 na wa 7 baridi likikolea pita shambani na kamba, funga kila mmea uliobaki kijani. Wakati wa kuvuna chukua kwenye yenye kamba tu, na kati ya hizo zenye gunzi zuri. Makosa yetu wakulima tunachagua mbegu ghalani, gunzi kubwa haliwezi kukwambia lilipita baridi gani! Toa kwenye mimea mia na zaidi, kila mmoja punje kidogo, zikiwa chache mbegu inadhoofika. Na uwe mvumilivu, watoto wa chotara hawafanani, ni kazi ya misimu kadhaa.

Mkulima_wa_Juu:
Shikamoo mzee, asante sana. Nimetoka kung'oa miche miwili sasa hivi, wa dukani mizizi mifupi kama ya wiki mbili, wa bibi imeshuka na imejaa udongo. Nitarudia mbali na zizi. Ila shamba la jirani ni hatua 40 tu, unga wake si utakuja kwangu?

Mzee_Siha:
Marahaba. Utakuja, inatakiwa mita 200 na kuendelea. Mkubaliane mpishane kupanda wiki nne. Ikishindikana funika magunzi kwa mfuko wa kaki kabla ndevu hazijatoka, asubuhi umande ukikauka kung'uta unga wa dukani kwenye karatasi, mwagia ndevu, funika tena.

Binti_Kibosho:
Na usilale njaa ukisubiri, kwa msimu ujao pita Selian kituo cha utafiti wa kilimo uulize mbegu ya ukanda wa juu, H614 au zile chotara za UH za kituo cha Uyole Mbeya. Zinakaa shambani muda mrefu ila baridi la huko zinalijua. Na uwahi kupanda, mvua za kwanza tu, baridi liikute imeshakuwa.

Mkulima_wa_Juu:
Sawa dada, Jumatatu naenda. Kamba nimeshaanza kukata.