Lamu siku ya Alhamisi, 12 Desemba 1963: mji uliamkaje, na watu walikuwa wakizungumza nini?

Kijana wa Langoni anauliza:

Assalaam aleikum wazee wangu na ndugu zangu. Walimu wa madrasa yetu wamenipa kazi ya kuandika ukurasa utakaobandikwa ukutani, wenye kueleza siku moja tu ya mji wa Lamu mwanzoni mwa miaka ya sitini, nami nimeichagua siku ya Uhuru, Alhamisi tarehe 12 Desemba 1963. Vitabu nilivyovisoma vinaeleza kwa kirefu yaliyotokea Nairobi: bendera ya Uingereza kuteremshwa saa sita usiku, Mwanamfalme Philip kumwakilisha Malkia, na Mzee Jomo Kenyatta kuanza kuiongoza nchi huru akiwa Waziri Mkuu. Lamu hutajwa kwa sentensi mbili tatu, nazo huwa ni za punda na milango ya nakshi, kana kwamba ndani ya nyumba hizo hapakuwa na watu wenye fikira zao.

Naomba mnisaidie. Je, bendera iliyoondoka hapa kwetu ilikuwa ile ile iliyoondoka Nairobi? Habari zilifikaje mjini? Watu walikula nini, na walinunua kwa pesa gani? Jambo linalonitatiza zaidi ni kwamba babu yangu mzaa mama husema mji ulifurahi, na ndugu yake wa tumbo moja husema mji ulikuwa na wasiwasi. Wote wawili walikuwepo, wote wana akili timamu, na kila mmoja humkasirikia mwenziwe nikiwauliza pamoja. Nimwandike nani?

Maalim Mstaafu anajibu:

Wa aleikum salaam, mwanangu. Kazi uliyopewa ni njema, na wazee wako wote wawili wamekwambia kweli, kwa sababu nitakazozieleza.

Anza na kalenda, kwa sababu watu wa Lamu waliiishi siku ile kwa kalenda mbili. Kwa hesabu ya mwezi ilikuwa karibu tarehe 25 ya Rajabu 1383, kwa hiyo mji ulikuwa ukikaribia usiku wa Miraji, na Ramadhani ilikuwa imebakia mwezi mmoja na siku chache. Na kwa kuwa siku yetu huingia kwa magharibi, Alhamisi hiyo ilikuwa imekwisha kuingia hapa karibu saa sita kabla ya bendera mpya kupandishwa Nairobi. Jioni yake ukawa usiku wa kuamkia Ijumaa, ambao kwa desturi ni usiku wa kusomwa Maulidi katika msikiti wa Riyadha, ule ulioasisiwa na Habib Swaleh. Usiiandike siku hiyo kana kwamba watu hawakuwa na shughuli nyingine isipokuwa kungojea bendera.

Sasa bendera yenyewe. Kisheria, Lamu haikuwa sehemu ya Koloni la Kenya. Koloni lilikuwa bara. Sisi tulikuwa katika Himaya, yaani nchi ya Sultani wa Zanzibar iliyoendeshwa na Waingereza kwa mkataba wa tarehe 14 Desemba 1895, kwa malipo ya pauni 11,000 kila mwaka. Wengi hutaja ukanda wa pwani wa upana wa maili kumi na kudhani wamemaliza maneno, lakini ukanda huo ulikomea Kipini. Lamu ilihesabiwa kuwa ya Sultani kwa sababu ya kisiwa chenyewe, na Waingereza na Wajerumani walikwisha kulitambua hilo tangu mwaka 1886. Ndiyo maana katika Mwambao, yaani pwani hii iliyokuwa ya Sultani, ilipepea bendera yake nyekundu, jambo ambalo mtu wa Nyeri au Kisumu hakuwa nalo, na ndiyo maana watu wetu walikuwa wakipeleka mambo yao kwa Liwali na kwa Mudiri, yaani maofisa wa utawala wa Mwambao, na kwa Kadhi. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni kwamba Nairobi iliondokewa na utawala mmoja, nasi tuliondokewa na wawili kwa usiku mmoja: ule wa Mwingereza, na ule wa Sultani uliokuwa umebakia jina.

Angalia jinsi tarehe zilivyofuatana. Tarehe 5 Oktoba 1963, Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte, waliandikiana barua kuhusu hatima ya Mwambao. Tarehe 8 mkataba ukatiwa saini London, kwamba siku Kenya itakapopata uhuru, nchi hiyo ya Sultani itakuwa sehemu ya Kenya. Tarehe 10 Desemba Zanzibar nayo ikapata uhuru wake. Basi kwa siku mbili Sultani Jamshid alikuwa mtawala wa nchi iliyo huru, na Mwambao wetu ungali wake kwa jina, hata usiku ule ulipofika. Mkataba wa 1895 ukafa ukiwa na miaka 68 kasoro siku mbili.

Kuhusu babu zako, kumbuka kwamba mambo haya yalikuwa yamebishaniwa barazani kwa miaka. Mwaka 1961 Sir James Robertson alitumwa kuja kusikiliza maoni ya watu wa pwani, naye akapendekeza Mwambao uunganishwe na Kenya. Walikuwepo waliotaka Mwambao ujitawale au urudi kwa Zanzibar. Walikuwepo wa chama cha KADU pamoja na kiongozi wao Ronald Ngala, waliotaka majimbo yawe na nguvu. Na walikuwepo wa KANU, chama cha Kenyatta. Ndugu wawili wa nyumba moja waliweza kuwa pande mbili, wakaswali safu moja, wakarudi barazani kuendeleza ubishi wao.

Bi wa Mkomani anajibu:

Mwanangu, Maalim amekupa mambo ya barazani na ofisini, nami nitakupa ya ndani ya nyumba, maana nusu ya mji ilikuwa ndani. Wakati huo wanawake wa nyumba za mawe hapa Mkomani hawakuwa wakitoka mchana ila kwa haja kubwa. Matembezi yao yalikuwa ya usiku, kwa buibui, wakiwa na mtoto au mtumishi wa kuwaongoza njia. Kwa hiyo sherehe yoyote ya mchana ilifika nyumbani kwa midomo ya watoto. Marehemu mama yangu aliniambia kwamba siku ile ndugu zangu wakubwa walikuwa wakipanda na kushuka ngazi tangu asubuhi, kila mmoja akitaka kuwa wa kwanza kueleza aliyoyaona pwani, na kwamba yeye aliwasikiliza huku akikuna nazi juu ya mbuzi, bila ya kusimamisha mkono.

Habari kubwa zililetwa na redio. Nyumbani kwetu palikuwa na transista iliyowekwa ndani ya kidaka cha ukutani, pamoja na mabakuli ya kaure. Mawe yake, yaani betri, yalikuwa ghali, kwa hivyo yakianza kuchoka hayakutupwa. Mama aliyatoa, akayafuta kwa kitambaa, akayaanika juani kule juu darini mpaka yakapata moto, kisha akayarudisha saa ya taarifa ya habari. Kabla ya siku kubwa kama ile alikuwa ameyaanika siku mbili mbele, na redio ilikatazwa kufunguliwa kwa nyimbo. Walisikiliza Sauti ya Mvita kutoka Mombasa, Sauti ya Unguja, na idhaa ya Kiswahili ya London iliyoanza mwaka 1957. Wanaume wengine waliifuata Cairo. Magazeti ya Baraza na Taifa Leo yalisomwa hapa yakiwa yamechelewa, kwa kuwa yalitegemea chombo cha baharini au basi lililovuka Mto Tana kwa kivuko pale Garsen ndipo lifike Mokowe. Wiki tatu kabla, tarehe 22 Novemba, redio hiyo hiyo ilileta habari ya kuuawa kwa Rais Kennedy wa Marekani, na habari hiyo ilikuwa bado haijaisha midomoni.

Umeuliza chakula. Disemba ni msimu wa maembe, na kaskazi ikishika samaki hupatikana. Asubuhi ilikuwa mkate wa mofa au mahamri kwa mbaazi za nazi, na chai ya iliki. Mchana wali wa nazi na samaki. Pesa zilikuwa za Afrika Mashariki, zilizotumika pia Tanganyika, Uganda na Zanzibar. Senti tano na senti kumi zilikuwa za shaba na tundu katikati, watoto wakizitunga kwa uzi zisipotee. Shilingi ya sarafu ilikuwa na simba upande mmoja na upande wa pili kichwa cha Mfalme George wa Sita, ambaye alikuwa ameshafariki tangu 1952. Kwa hiyo asubuhi ya Uhuru mtu alinunua mkate kwa shilingi ya mfalme aliyekufa, na ilimbidi aendelee hivyo mpaka mwaka 1966 Kenya ilipotoa pesa zake.

Nikuongezee jambo ambalo ningependa sana liwemo ukutani. Usiku ule wimbo wa taifa ulipopigwa, tuni yake haikuwa ngeni kwa watu wa upande wetu, kwa sababu imetokana na wimbo ambao Wapokomo wa bonde la Tana huwaimbia watoto wao ili walale. Wapokomo ni majirani zetu, na ndizi zao tumezila miaka mingi. Husemwa mara nyingi kwamba pwani iliingizwa Kenya bila ya kuchangia kitu, na maneno hayo huniuma, kwa kuwa hata sauti ambayo nchi nzima husimama kuisikiliza imetoka huku.

Baharia wa Matondoni anajibu:

Nawaheshimu wote wawili waliotangulia, lakini naona bahari imesahauliwa, na bila ya bahari huwezi kuueleza wasiwasi wa mzee yule wa pili.

Katikati ya Desemba kaskazi imekwisha kushika. Ndio wakati ambao macho ya watu wa pwani huangalia upande wa Ras Kiamboni, kwa kuwa majahazi ya Uarabuni na Ghuba huanza kushuka kwa upepo huo yakiwa na tende, chumvi, mazulia na masanduku, nayo hukaa mpaka kusi ianze mwezi wa nne ndipo yarudi. Mzigo wa kurudia katika Lamu ulikuwa mikoko: pau, mazio, boriti na nguzo, kila unene na jina lake, zikihesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, zikapangwa kwenye tope la ufuo kabla ya kupakiwa. Nyumba nyingi za Kuwait na Bahrain ziliezekwa kwa boriti zilizokatwa hapa. Mkataji, mchukuzi, fundi wa majahazi wa Matondoni, mwenye duka aliyemkopesha mchele, wote waliutazama msimu huo kama wanavyoutazama hadi leo wakulima wa bara msimu wa mvua.

Watu wa kazi hii walikuwa na maswali ambayo bendera haikuyajibu. Unguja ilikuwa sasa nchi nyingine: je, chombo kiendacho Unguja kitahesabiwa kuwa kimekwenda ng'ambo? Kaskazini, Somalia ilikuwa huru tangu 1960, na Wabajuni wana jamaa Kismayu na jamaa Faza: je, mpaka utafungwa? Hofu hiyo haikuwa ya bure. Tarehe 28 Desemba, siku kumi na sita tu baada ya Uhuru, serikali ilitangaza hali ya hatari Kaskazini Mashariki, na vita vya shifta, yaani vya wapiganaji waliotaka eneo hilo lijiunge na Somalia, vilipoenea hadi kwetu, vijiji vya Wabajuni vilivyokuwa bara vilihamwa, mashamba yakarudi mwitu, na watu wakakimbilia visiwani, Malindi na Mombasa. Wako ambao hawajarudi hadi leo. Mzee aliyekwambia mji ulikuwa na wasiwasi, muulize kama alikuwa na shamba bara.

Kijana wa Langoni:

Ahsanteni sana, Mungu awajaalie kheri. Nimemuuliza, na kweli familia yake ilikuwa na shamba upande wa Mkunumbi, na babu yangu yeye alikuwa amejiunga na chama tangu ujana. Limebakia swali moja kwa Maalim. Rafiki zangu wanasema nieleze pia kwamba mwezi mmoja baadaye Sultani alipinduliwa, ili msomaji aone kwamba waliotaka kubaki na Zanzibar walikuwa wamepotea. Je, niyaandike hayo? Na zile barua za Oktoba ziliahidi nini hasa?

Maalim Mstaafu anajibu:

Mapinduzi ya Zanzibar yalitokea tarehe 12 Januari 1964, na ni kweli kabisa. Usiyatie katika ukurasa wako. Ukutani unaandika Alhamisi ya tarehe 12 Desemba, na siku hiyo hakuna mtu Lamu aliyeyajua. Siku nne baada ya Uhuru, tarehe 16, Kenya na Zanzibar zilipokewa pamoja katika Umoja wa Mataifa, na mtu mwenye busara aliweza kuamini kwamba nchi zote mbili zina miaka mingi mbele yake kama zilivyokuwa. Kumhukumu mtu kwa jambo ambalo lilikuwa bado halijatokea ni dhuluma, na wazee wetu wamedhulumiwa hivyo vya kutosha. Hata vita vya shifta alivyovitaja ndugu yetu Baharia viweke mbali na siku yenyewe. Andika hofu waliyokuwa nayo, usiandike yaliyoithibitisha.

Ama barua, ndizo zilizowafanya wengi waliokuwa na shaka wanyamaze kwa amani. Kenyatta aliahidi kwamba kila mtu atakuwa huru katika dini yake. Kwamba mamlaka ya Kadhi yatahifadhiwa katika mambo ya sharia za Waislamu. Kwamba penye Waislamu wengi, kadiri itakavyowezekana, maofisa wa utawala watakuwa Waislamu. Kwamba watoto wa Kiislamu watafundishwa Kiarabu kadiri itakavyowezekana. Na kwamba hati za kumiliki ardhi za pwani zitatambuliwa. Ahadi hii ya mwisho isome mara mbili, kisha ukaulize mtaani kwenu ni watu wangapi waliokuwa wakilima bila ya hati yoyote mkononi. Hao barua haikuwagusa, na mengi ya malalamiko ya ardhi tuliyonayo Lamu yana mizizi yake hapo. Ahadi ya Kadhi imesimama: iliingia katika katiba ya Uhuru, na katika Katiba ya 2010 utaikuta kwenye ibara ya 170.

Basi waandike babu zako wote wawili, kila mmoja kwa maneno yake, na chini ya kila mmoja utaje kazi aliyokuwa akiifanya mwaka ule na mahali lilipokuwa shamba lake. Ukimaliza, niletee rasimu baada ya swala ya alasiri, tuzipitie tarehe pamoja kabla haijabandikwa.