Je, mwajiri anaweza kutulazimisha kuhudhuria mafunzo kuhusu utamaduni wa jamii asilia?

Mchora Ramani, Upper Hill

Salamu kwenu nyote. Nafanya kazi katika kampuni ya ushauri wa uhandisi hapa Upper Hill, ambayo kampuni mama yake iko Kanada. Kazi yetu kubwa ni kupima na kuchora njia za nyaya za umeme na barabara, na sehemu nyingi tunazopita ni za wafugaji: Baringo, Samburu, Narok, Marsabit. Mwaka huu wasimamizi wameagiza kwamba kila mfanyakazi, kuanzia mkurugenzi hadi mhudumu wa mapokezi, amalize mafunzo kuhusu utofauti kazini na utamaduni wa jamii asilia. Sehemu ya kwanza inafanywa kwenye kompyuta na ilitengenezwa Kanada. Ya pili ilikuwa semina ya nusu siku katika hoteli moja ya Westlands. Asiyemaliza atapunguziwa alama katika tathmini ya mwisho wa mwaka, na alama hizo ndizo zinazoamua nyongeza ya mshahara.

Ofisi imegawanyika. Mwenzetu mmoja, mhandisi wa siku nyingi, ameiandikia Idara ya Rasilimali Watu barua ya kukataa. Anasema aliajiriwa kwa ujuzi wake wa uhandisi, kwamba mtazamo wake kuhusu historia ni wake mwenyewe, na kwamba masomo yenyewe hayahusu Kenya. Katika hilo la mwisho sina budi kumuunga mkono kwa kiasi fulani. Karibu sehemu yote ya kompyuta inazungumzia shule za bweni ambako zaidi ya watoto 150,000 wa jamii asilia za Kanada walipelekwa, wengi wakitengwa na wazazi wao kwa nguvu na kukatazwa kusema lugha zao. Ni historia nzito na niliisoma hadi mwisho. Lakini nilipokwenda Westlands nikitarajia kusikia habari za watu tunaokutana nao kazini, tulionyeshwa picha za shanga na shuka, tukafundishwa kusalimia kwa Kimaasai, kisha tukaitwa kwenye chakula cha mchana.

Kwa upande mwingine, wapo wenzetu ofisini wanaotoka katika jamii hizo hasa, na utani wanaousikia kuhusu ng'ombe na kuishi msituni si wa kuchekesha. Hao wanaona kwamba anayekataa mafunzo anawadharau wao. Naomba basi mnisaidie: kisheria, mwajiri anaweza kulazimisha jambo hili? Na hata kama anaweza, kulazimisha kunasaidia?

Wakili wa Mambo ya Kazi

Ndugu Mchora Ramani, kwa swali lako la kwanza jibu ni ndiyo, isipokuwa kwa jambo moja nitakalolieleza hapa chini. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri akuze usawa wa nafasi kazini na aondoe ubaguzi, na ni vigumu kumlaumu mwajiri anayesema kwamba mafunzo ni njia mojawapo ya kutimiza wajibu huo. Kifungu cha 44 cha sheria hiyo hiyo kinahesabu kukataa kwa makusudi amri halali na ya haki, iliyo ndani ya wajibu wa mfanyakazi, kuwa miongoni mwa makosa makubwa yanayoweza kumfanya afutwe bila notisi, ingawa kifungu cha 41 kinataka asikilizwe kwanza. Kampuni ambayo kazi yake ni kupitisha nyaya katika ardhi ya wafugaji haitapata shida kumweleza hakimu kwamba kuwajua wafugaji hao ni sehemu ya kazi. Kwa mhudumu wa mapokezi hoja hiyo ingekuwa dhaifu zaidi, lakini haingeanguka.

Jambo lenyewe linatokana na Ibara ya 32 ya Katiba, inayolinda uhuru wa dhamiri, fikra, imani na maoni. Mwajiri ana haki ya kukutaka uketi, usome na ujibu maswali ya kuthibitisha kwamba umesoma. Akikutaka utie sahihi kwamba unakubaliana na tafsiri fulani ya historia, hapo amevuka mpaka, na mimi ningekuwa tayari kumtetea mfanyakazi wa namna hiyo mahakamani. Kwa hiyo kabla mwenzenu hajaendelea na barua zake, fungueni ukurasa wa mwisho wa hayo masomo ya kompyuta muone kisanduku cha mwisho kinasema nini.

Ubishi huu, kwa taarifa yenu, umewahi kufika mbali huko huko yalikotoka mafunzo yenu. Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Kanada, iliyochunguza historia ya hizo shule za bweni, ilitoa mapendekezo 94 mwaka 2015. Pendekezo la 27 lilihusu kuwafundisha mawakili historia na utamaduni wa jamii asilia, na la 92 lilielekezwa kwa makampuni. Chombo kinachosimamia mawakili katika mkoa wa Alberta kikafanya mafunzo ya namna hiyo kuwa ya lazima kwa kila wakili anayefanya kazi, kwa tishio la kusimamishwa. Mawakili 51 wakaomba kwa maandishi kwamba kanuni iliyokipa chombo hicho mamlaka ya kulazimisha mafunzo ifutwe. Mwezi wa Februari mwaka 2023 hoja yao ilipigiwa kura ikashindwa, 2,609 wakiipinga na 864 wakiiunga mkono. Wanaodhani kwamba wote wanaokataa ni wabaguzi watazame hiyo 864 kwa utulivu: wengi walichopinga ni mamlaka ya kuamriwa la kujifunza, na hilo ni swali la kisheria lenye heshima yake, hata kama mimi ningepiga kura na wale wengi.

Mhasibu, Ngong Road

Mimi namuunga mkono mhandisi wenu, na wala sioni haya. Wakili ametueleza kwamba mwajiri anaweza, lakini swali la pili ndilo zito. Wanasosholojia Frank Dobbin wa Chuo Kikuu cha Harvard na Alexandra Kalev wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv walichunguza takwimu za zaidi ya makampuni 800 ya Marekani kwa kipindi cha miongo mitatu. Waligundua kwamba pale mameneja walipolazimishwa kuhudhuria mafunzo ya utofauti, miaka mitano baadaye idadi ya mameneja kutoka katika makundi yaliyoachwa nyuma haikuongezeka, na kwa baadhi ya makundi, kama wanawake weusi, ilipungua. Mafunzo ya hiari yalikuwa na matokeo mazuri zaidi. Mtu mzima akiburutwa darasani hutoka na kinyongo, na kinyongo hicho hatamwonyesha mkurugenzi aliyemburuta. Atamwonyesha mwenzake wa dawati la pili.

Wanaotaka mabadiliko wahesabu watu. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008, kifungu cha 7, inasema taasisi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja. Kampuni yenu si ya umma na sheria hiyo haiwabani, ila hakuna kinachowazuia kujipima nayo. Wangapi katika chumba chenu cha kuchora ni Wasamburu, Warendille au Waogiek? Walinzi wa lango msiwahesabu.

Halafu hili la jamii asilia. Kanada inajulikana nani alimkuta nani. Hapa kwetu babu yangu alihama kutoka mahali na babu yako vilevile, na wote tukaporwa ardhi na Mwingereza. Kila Mkenya ni mwenyeji. Serikali yenyewe ilijizuia kupiga kura Umoja wa Mataifa ulipopitisha Azimio la Haki za Watu wa Jamii Asilia mwaka 2007. Kwa nini basi kampuni ya kigeni ije kutugawa kwa vigezo vya kwao?

Mzaliwa wa Loboi, sasa Rongai

Ndugu Mhasibu, nimekusoma kwa makini na katika hilo la kuhesabu watu nakubaliana nawe kabisa. Katika hili la mwisho sikubali, na nitakueleza kwa nini bila hasira, maana nimelijibu mara nyingi.

Hoja yako ndiyo ambayo serikali yetu iliipeleka Arusha. Katika kesi ya Waogiek wa Mau mbele ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ilidai kwamba Waogiek ni mchanganyiko tu wa makabila mengine. Mahakama ilikataa hoja hiyo tarehe 26 Mei 2017 ikawatambua kuwa jamii asilia, na mwezi wa Juni mwaka 2022 ikaamuru walipwe shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na shilingi 100,000,000 kwa maumivu, pamoja na kurudishiwa ardhi yao kwa hati ya pamoja. Sisi Waendorois tulitolewa kando ya Ziwa Bogoria katika miaka ya 1970 ili pawe hifadhi ya wanyama. Uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu uliotupa haki ulitangazwa mwaka 2010. Na hata bila kwenda mbali, Ibara ya 260 ya Katiba yetu, inapoeleza jamii iliyotengwa, haiulizi nani alifika kwanza. Inataja jamii asilia zinazoishi kwa kuwinda na kukusanya matunda, inawataja wafugaji, na inatazama nani aliachwa nje ya maisha ya taifa. Vigezo hivyo havikutoka Kanada. Tulivipigia kura wenyewe.

Sasa turudi kwenye mafunzo. Nimefanya kazi ya afisa wa mahusiano ya jamii katika miradi kadhaa, kwa hiyo zile semina za shanga nazijua, na zinanichosha kuliko zinavyomchosha mhandisi wenu. Hakuna mzee wa kwetu aliyewahi kudhurika kwa sababu mpimaji hakujua kumsalimia. Tulikodhurika ni kwenye karatasi ya mahudhurio. Baraza linaitishwa chini ya mgunga, chifu anafungua kwa sala, na kabla mtu hajaeleza mradi ni wa nini, karani wa kampuni anazungusha karatasi yenye safu za jina, nambari ya kitambulisho, simu na sahihi. Wasiojua kuandika wanachovya dole gumba kwenye wino. Nauli inatolewa kwa kufuata karatasi hiyo, kwa hiyo kila mtu anahakikisha jina lake limo. Miezi kadhaa baadaye karatasi hiyo hiyo inaonekana nyuma ya ripoti kama kiambatisho, chini ya kichwa kinachosema kwamba jamii imeridhia. Vijana waliokuwa wamehamisha mifugo wakati wa kiangazi hawakuwepo. Wanawake walikaa nyuma na hakuna aliyewauliza, ingawa ndio waliojua kwamba mstari wa vigingi unapita juu ya mahali pa chumvi pa ng'ombe.

Mtu aliyechora mstari ule alikuwa ameketi Nairobi mbele ya kompyuta, na hakuwa mbaguzi. Hakujua tu kwamba ile picha nyeupe ya setilaiti ni ya udongo ambao watu wamekuwa wakiutegemea tangu zamani. Mafunzo ya kumwambia hilo ningeyafanya ya lazima bila kusita, na mhandisi wa siku nyingi angekuwa wa kwanza kwenye orodha, kwa sababu sahihi inayopitisha mchoro ni yake.

Fundi wa Jotoardhi, Naivasha

Bi Mzaliwa wa Loboi amesema kweli kuhusu karatasi za mahudhurio, nami nimeziona. Ila naona mnalaumu mafunzo kupita kiasi. Kampuni nyingi hazikuamka asubuhi moja zikapenda utamaduni wa watu. Zimesukumwa na wakopeshaji. Benki ya Dunia ina kanuni ya saba ya mazingira na jamii, inayotumika tangu Oktoba 2018, ambayo kwa upande wa Afrika inazungumzia jamii za jadi zilizoachwa nyuma kihistoria, na ambayo katika hali fulani, kama vile kuhamishwa, inataka jamii iridhie kwa hiari, mapema, na ikiwa na habari kamili. Wamaasai waliohamishwa Olkaria kupisha mradi wa umeme wa jotoardhi uliofadhiliwa na benki hiyo walipeleka malalamiko kwa Jopo la Ukaguzi la benki hiyo mwaka 2014, na mambo yakafika kwenye upatanishi. Baada ya hapo wahandisi ninaowafahamu, ambao awali walikuwa wakisinzia semina zikiendelea, walianza kuuliza maswali. Kwa hiyo, Mhasibu, kinyongo kipo, lakini mkopo ukisimamishwa kinyongo hicho hupata wa kukizungumza naye.

Naongeza kwamba semina ya hiari huhudhuriwa na wale wale ambao hawakuihitaji.

Mhasibu, Ngong Road

Suala la Ibara ya 260 nalikubali. Sikuwa nimeisoma kwa jicho hilo. La mikopo linathibitisha nilichosema: kilichowabadilisha wahandisi wako ni malalamiko ya Olkaria, na malalamiko hayo hayakuandikwa na mwalimu wa semina. Kulazimisha watu waketi nusu siku hotelini bado naona ni kutafuta cheti cha kumwonyesha mkopeshaji.

Mchora Ramani, Upper Hill

Nawashukuru nyote. Nimeufungua ule ukurasa wa mwisho kama Wakili alivyoshauri. Kisanduku kinasema kwamba mfanyakazi amesoma, ameelewa na anakubaliana na yaliyomo. Nimewaomba Idara ya Rasilimali Watu kwa maandishi waondoe hilo neno la kukubaliana, na mhandisi mwenzetu amesema likiondolewa atamaliza sehemu ya kompyuta wiki hiyo hiyo. Semina ya Westlands anasema hatarudi hata akiongezewa mshahara, labda ifundishwe na mtu aliyewahi kukaa upande wa pili wa baraza. Wasimamizi wamesikia na hawajakataa. Bi Mzaliwa wa Loboi, wakikuita kwa malipo ya haki, ungekubali kuja?

Mzaliwa wa Loboi, sasa Rongai

Nitakuja. Sitaleta picha. Nyinyi leteni ripoti tatu za miradi yenu ya Baringo pamoja na viambatisho vyake vyote, na mhandisi wenu aketi karibu nami tuzisome pamoja, ukurasa kwa ukurasa.