Mamogramu Mombasa: Makadara, hospitali ya kulipia, au kambi ya Oktoba?

MkaziWaMajengo
Wenzangu, salaam aleikum. Nimetimiza miaka 43 na daktari wetu ameniambia nikapige mamogramu ya uchunguzi, yaani picha ya titi. Sina uvimbe wala siumwi, lakini mamangu mdogo alipatwa na saratani ya titi na ikajulikana imeshaenda mbali. Njia nilizo nazo ni tatu: Coast General, yaani Makadara, ambayo ni karibu na kwangu, hospitali ya kulipia upande wa Kizingo, au nisubiri kambi za bure za Oktoba, mwezi wa saratani ya titi. Na kuna shoga yangu asema niachane na mashine hiyo, nipige altrasaundi tu kwa kuwa haibani. Waliopitia hebu nifahamisheni, hasa mulivyofanyiwa ndani ya chumba, maana hilo ndilo linalonitia hofu.

MamaTudor
Waaleikum salaam dada. Mimi nilipiga hospitali ya kulipia. Kwanza, usivae dera. Vaa sketi na blauzi chini ya buibui, kwa sababu ni juu tu kunakovuliwa, na ukienda na dera utajikuta umebaki vivi hivi huku baridi ya eisii yakupiga. Nilipewa gauni linalofunguka mbele. Chumbani tulikuwa wawili, mimi na mpiga picha, naye alikuwa mwanamke kwa sababu niliomba hivyo wakati wa kuweka miadi. Kubanwa kwauma, sitakuficha, lakini kabla hujamaliza kuvuta pumzi ya pili umeshaachiwa. Kilichonifurahisha ni kwamba sikungoja foleni. Kilichoniudhi nitakieleza hapo chini.

FundiPicha
Hii ndiyo kazi yangu, basi nieleze kidogo. Mamogramu ni eksirei ya titi. Unasimama mbele ya mashine, titi linawekwa juu ya kibao, na kibao kingine cha plastiki kinashuka kulibana. Kwa kawaida picha ni nne: kila titi moja kutoka juu kwenda chini, na moja ya mshazari ambayo yafika hadi karibu na kwapa. Kila picha ni sekunde chache, na utaambiwa uzuie pumzi. Ukihesabu kuvua na kuvaa, ni kama nusu saa.

Tunabana kwa sababu nyama ya titi ikilaliana, uvimbe mdogo hujificha nyuma yake. Ikitandazwa, daktari wa picha auona, na mionzi inayohitajika yapungua pia. Wanaoogopa mionzi wajue kwamba mionzi ya picha zote nne ni sawa na ile tunayoipata kiasili, kutoka ardhini na angani, kwa muda wa wiki saba hivi.

Siku hiyo usipake dawa ya kwapa, poda, krimu wala marashi kifuani na kwapani. Chembe zake huonekana kwenye picha kama punje za chokaa, na punje hizo ni miongoni mwa vitu tunavyovitafuta. Wanawake wetu wa pwani hupenda kujipaka vizuri kabla ya kwenda kwa daktari. Siku hii oga maji na sabuni, basi.

LikoniNgambo
Mimi naitetea Makadara. Nilivuka feri alfajiri, nikakuta foleni, nikangoja hadi adhuhuri. Lakini jambo watu hawalisemi ni hili: pale pana kitengo cha saratani ndani ya hospitali hiyo hiyo. Ripoti yangu ilipotaka picha za ziada sikuanza kuhangaika mjini na bahasha mkononi, nilielekezwa jengo la pili tu. Kwa mtu asiyekuwa na pesa za kurudi mara nyingi, hilo ni kubwa kuliko kiti kizuri cha kungojea.

MamaTudor
Ndilo nililotaka kusema. Mimi nilipewa karatasi ya ripoti peke yake. Mwaka uliofuata nilipokwenda kwingine, daktari akaniuliza picha za nyuma, sina. Dai picha zako kwenye sidii, uziweke pamoja na vyeti vya watoto. Daktari akilinganisha ya leo na ya zamani ndipo ajua kama kitu ni kipya au mtu alikuwa nacho siku zote.

AsumiNyali
Mimi niko pamoja na huyo shoga yako. Niliambiwa matiti yangu yamejaa tezi na mamogramu haioni vizuri, nikapigwa altrasaundi, haikuniuma hata chembe. Na dadangu yuko Uingereza, kule huitwa kuanzia miaka 50, tena kila miaka mitatu. Kwa nini sisi tukimbizwe na 40?

FundiPicha
Dada Asumi, wewe ulifanyiwa sawa kabisa, lakini bila shaka altrasaundi ilikuja kuongezea mamogramu. Altrasaundi ni nzuri kwa wasichana na kwa titi lenye tezi nyingi, na hutofautisha kifuko cha maji na uvimbe mgumu. Zile punje ndogo za chokaa, ambazo mara nyingine ndiyo dalili ya mwanzo kabisa, mara nyingi hupita bila kuonekana kwa altrasaundi. Kwa mtu wa miaka 43 asiye na dalili, haishiki nafasi ya mamogramu.

Kuhusu umri, kila nchi ina mpango wake. Mwongozo wa Kenya wa 2018 wasema kila mwaka kuanzia 40 hadi 55, kisha kila miaka miwili hadi 74. Mwenye ndugu wa damu aliyeugua amweleze daktari, na ataje aliugua akiwa na umri gani, maana huenda akatakiwa kuanza mapema zaidi.

KisauniMwalimu
Tafadhali usingoje Oktoba. Nimehudhuria kambi hizo, na zile nilizoziona hufanya kazi njema, lakini ni muuguzi anayekukagua kwa mikono na kukufundisha kujikagua. Ukipewa barua ya rufaa bado mashine itabaki palepale hospitalini. Mikono hushika kilichokwisha kukua. Mamogramu yaweza kuona kabla ya hapo.

Na mukiitwa tena musizimie. Mimi niliitwa, nikalia njia nzima ya kurudi, kumbe ni kifuko cha maji. Wengi wanaoitwa kwa picha za ziada hawana saratani. Kule Marekani, kati ya wanaoitwa tena, wanaopatikana nayo ni chini ya mmoja katika kumi. Ila pia mamogramu safi si hati ya kudumu, hukosa kama saratani moja kati ya nane. Ukishika uvimbe, au chuchu ikiingia ndani, au ikitoa damu, nenda hata kama ripoti ya juzi ilikuwa nzuri.

MkaziWaMajengo
Mumenipa moyo, Mungu awalipe. Nitakwenda Makadara, kwa sababu ya alilolisema LikoniNgambo. Nina swali jingine: nafunga sunna Jumatatu na Alhamisi, je, naweza kwenda nikiwa na saumu? Na hedhi?

FundiPicha
Saumu haina neno kwa upande wa kipimo, hupewi cha kunywa wala huchomwi sindano. Hedhi ndiyo ya kuangalia: chagua wiki inayofuata baada ya kumaliza, titi huwa halijajaa na maumivu hupungua. Kama unanyonyesha au wahisi una mimba, sema kabla hujaingia chumbani. Chukua barua ya daktari na kitambulisho, na kama umesajiliwa SHA, bima ya afya ya serikali, uulize pale kaunta yakugharamia nini kabla ya kulipa. Ukitaka mpiga picha wa kike, uliza siku ya kuweka miadi ni zamu zipi, maana ukiomba umeshafika huenda hayuko.